Tumbo la Zaina

Siku mliponiaga mlinipa kitenge, keki na sufuria kubwa ambayo mpaka leo sijapata watu wa kuwapikia. Kisha yule mwenzenu mfupi wa wodi ya wazazi akanishika mkono akasema, "Mama, tuandikie basi. Nyie wa zamani mlijifunzaje mwili wa mtu bila video?" Nikacheka, nikamwambia nitaandika. Sasa niko nyumbani Nsemulwa, naamka saa ileile ya kuwahi zamu, najikuta nimeshavaa viatu na sina pa kwenda. Basi naandika.

Sitawaeleza nilipanda cheo lini wala nilihamishwa wapi na wapi. Hayo yamo kwenye faili, na faili lenyewe nasikia limeliwa na mchwa. Nitawaeleza mwaka wa kwanza, kwa sababu ndio ulionishtua kuliko miaka yote iliyofuata. Nimeona mengi baadaye. Nimepokea mtu aliyechanwa na kiboko huko ziwani Kapalamsenga, nimepokea mapacha kwenye tela. Lakini hayo yote yalinikuta nikiwa mtu ambaye ameshashtuka.

Ilikuwa miaka ya sabini. Katavi lilikuwa jina la mbuga ya wanyama tu, sisi tulikuwa watu wa wilaya ya Mpanda. Nilitoka kwetu Inyonga juu ya lori la tumbaku, nikiwa na sanduku la bati na barua ya kuitwa chuoni. Baba yangu alikuwa mchonga mizinga ya nyuki, mtu mpole, na neno lake la kuniaga lilikuwa, "Yustina, ukishindwa rudi." Mama akamkata jicho. Chuo kilikuwa ndani ya hospitali ndogo ya misheni, nje kidogo ya mji wa Mpanda. Wanafunzi tulikuwa wachache, wengi tumemaliza darasa la saba, kila mmoja na lugha ya kwao mdomoni: Wafipa, Wabende, Wapimbwe, na mimi Mkonongo.

Mwalimu wetu alikuwa Sista Adelina, mtawa wa Kifipa, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo ilisikika mpaka jikoni. Siku ya kwanza tulidhani tutafundishwa kupiga sindano. Sista akaingia darasani amekumbatia gunia kama mtu anayetoka mashineni kusaga. Akaliweka mezani, akalifungua, akaanza kutoa mifupa.

Mimi nilidhani ni ya ng'ombe. Nilikuwa nimekaa mbele, na nikawa nimeshanyoosha mkono kumsaidia, ndipo akatoa kichwa.

Hakuna aliyepiga kelele. Tulisimama tu wote, viti vikaanguka, tukajikuta tumejibana ukutani kama kuku walioona mwewe. Gaudensia, rafiki yangu Mpimbwe tuliyelala vitanda jirani, alikuwa ananishika kiuno kwa nguvu mpaka nikaumia. Kwetu mfupa wa mtu hauonekani. Mtu akifa anafukiwa, na makaburi yanapishwa. Sasa huyu hapa mtu mzima, katika gunia la mahindi.

"Kaeni," Sista akasema.

Gaudensia akauliza, "Sista, huyu alikuwa nani?"

"Sijui. Alikuwa mtu. Ndiyo maana mtanawa mikono kabla ya kumshika, siyo baada tu."

Neno hilo nimelibeba kazi yangu yote. Kila mtu ananawa baada. Kunawa kabla ndiyo heshima.

Siku ile kila mmoja alipewa mfupa mmoja akaambiwa autafute ndani ya mwili wake mwenyewe. Mimi nilipata mfupa wa bega, ule mpana kama jembe lililochakaa. Niliukuta mgongoni kwangu, nikausikia unateleza chini ya ngozi nikiinua mkono. Nikaduwaa. Nilikuwa nimetembea nao miaka yote hiyo, nimeubebea maji na kuni, wala hatukuwahi kujuana.

Kitabu kilikuwa kimoja, cha Kiingereza, kimetoka kurasa za katikati. Sista alikuwa anatafsiri papo kwa papo, na neno likimshinda alikuwa anachora ubaoni. Tulijifunza ini, figo, bandama, kongosho. Mengine tulikuwa tunayajua kwa sababu ya nyama, lakini kujua ini la mbuzi na kujua kuwa na wewe unalo ni vitu viwili. Siku moja mpishi alipochinja mbuzi, Sista alitupeleka nyuma ya jiko kabla nyama haijakatwa. Akachukua bua la mpapai, akalichomeka kwenye koo la pumzi, akapuliza. Mapafu yaliyokuwa yamelala kama matambara yakainuka, yakawa ya waridi, yakajaa. Mbuzi hana kichwa, lakini kifua kinapumua! Mmoja wetu alikimbia mpaka kanisani. Mchana wenzangu hawakugusa mchuzi. Mimi nilikula. Kwetu nyama ilikuwa ya sikukuu, na mshtuko haukuwahi kunizuia njaa.

Kilichonitisha zaidi ya mbuzi ni moyo. Sista alitupa stetoskopu tukasikilizana vifuani. Ilipofika zamu yangu niliivua masikioni haraka, nikamwambia Sista kwamba Gaudensia ana hofu kubwa, atulizwe, kwa maana moyo wake unapiga. Wenzangu hawakucheka, kwa sababu nao walikuwa wanaamini hivyohivyo: kwamba moyo hukaa kimya, na hupiga siku ya woga au ya mbio. Sista alituangalia mmoja mmoja. Kisha akasema taratibu, "Haujawahi kunyamaza. Hata usiku mkilala. Ukinyamaza, ndiyo basi." Kwa muda mrefu baada ya hapo nilikuwa nalala nimeweka mkono kifuani, kama mtu anayelinda kitu kisiibwe.

Lakini somo lililotushinda lilikuwa tumbo. Nyumbani tumbo ni moja. Ugali unaingia tumboni, hedhi inatoka tumboni, mtoto anakaa tumboni. Nilikuwa nadhani mtoto analala juu ya chakula, na ndiyo sababu mjamzito haruhusiwi kushiba sana. Sista alipotundika picha ya mwanamke aliyekatwa katikati, wasichana waliinamisha vichwa. Nilichungulia kwa jicho moja. Mji wa mimba ni mdogo kama ngumi! Umekaa chini kabisa, peke yake, mbali na chakula. Na kutoka kwake, kulia na kushoto, mirija miwili myembamba kama pembe za konokono, inayoelekea kwenye mayai. Yai la mama linapita katika mrija huo, Sista akasema, linakutana humo na mbegu ya baba, kisha linateremka mpaka kwenye mji wake na kukaa.

Nikanyoosha mkono. "Sista, na lisipofika?"

"Lisipofika ni hatari. Tutalisoma mwaka wa pili."

Hatukusubiri mwaka wa pili.

Asubuhi moja wakati wa masika tulisikia trekta la kijiji linaunguruma getini. Nyuma lina tela, na ndani ya tela mwanamke mmoja amemlaza mwingine mapajani. Walitoka vijiji vya upande wa Kasokola. Nilikuwa zamu wodi ya wanawake, nikatoka na machela pamoja na wenzangu. Mgonjwa alikuwa binti wa rika langu, jina lake Zaina, na aliyempakata alikuwa mke mwenzie, bi mkubwa, aliitwa Mwajuma. Mwajuma alisema kwa Kikonongo, kwa kuwa kwa lafudhi yangu alitambua kwamba ndiyo lugha ya kwetu: "Mwanangu, mpokee. Tangu alfajiri tumbo linamkata. Majirani walitaka tumsubiri mume, yuko porini kwenye mizinga. Mimi nimekataa kusubiri."

Zaina alikuwa amelowa jasho, na jasho lenyewe la baridi. Niliinua kope nikaona weupe kama wa karatasi. Nilishika mkono kutafuta mapigo kama nilivyofundishwa, nikayakosa, nikayapata, membamba, yanakimbia. Nikamuuliza, "Dada, kunauma wapi zaidi?"

Akafumbua macho. "Bega," akasema.

"Siyo tumbo?"

"Tumbo pia. Lakini bega. Bega hili linaniua."

Nikamtazama bega. Halina jeraha wala uvimbe. Nikaenda kumwambia Sista Adelina kwamba mgonjwa anaumwa tumbo, ila amechanganyikiwa, anataja bega. Nilikuwa sijamaliza kusema, uso wa Sista ukabadilika. Alikimbia. Sijawahi kumwona mtawa anakimbia na kanzu yake imeshikwa mkononi.

Daktari wetu, Daktari Lyimo, Mchaga mrefu ambaye alizungumza kama maneno yanakatwa kodi, aligusa tumbo la Zaina mara moja tu. Lilikuwa gumu, limejaa. Akamuuliza Mwajuma, "Amepitiliza siku zake?"

"Hilo hakuniambia, Daktari."

"Andaeni chumba cha upasuaji. Na tafuteni damu."

Mwajuma aliposikia damu alivua bangili zake za shaba akazitia kwenye pindo la kanga, akanyoosha mkono. "Chukueni yangu." Mtu wa maabara akamtoboa kidole, akaenda kupima kama inapatana. Mimi nilibaki kando ya kitanda cha Zaina, nalowesha midomo yake kwa pamba. Alinishika mkono. Alinishika kwa nguvu sana, kisha kwa nguvu ya kawaida, kisha mimi ndiye niliyekuwa nimemshika yeye.

Nilisubiri kifua kiinuke. Nilikuwa nimeona mapafu ya mbuzi asiye na kichwa yakijaa upepo, kwa hiyo sikuona sababu ya kifua cha mtu mwenye kichwa, macho na mdomo uliolowa maji kutoinuka. Sista alinivuta mkono. "Yustina. Mwache sasa." Mtu wa maabara alitokea mlangoni kusema damu zinapatana.

Mchana watu wakaanza kufika. Mama yake Zaina alikuja kwa miguu akisindikizwa na wanawake, akaketi chini ukumbini, halii, anatazama mbele. Baada yake akafika kaka wa marehemu, Hamisi, kijana wa miraba minne aliyekuja na baiskeli. Aliuliza jambo moja tu: "Jana alikula wapi?" Mtu akajibu kwamba alikula kwa bi mkubwa. Hamisi akageuza baiskeli hapohapo kwenda mjini, akarudi na askari polisi.

Tulipotoka tena nje, Mwajuma alikuwa amekalishwa chini pembeni ya ukuta, kichwa wazi, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Askari alisema amemfunga kwa usalama wake mwenyewe. Huenda ni kweli, kwa sababu watu walikuwa wanazidi, na baadhi walikuwa wameanza kuokota mawe na kuyapimapima mkononi. Pamba ya maabara ilikuwa bado imening'inia kidoleni kwake.

"Dada yangu alikuwa mzima jana," Hamisi akamwambia Daktari. "Amekula kwa huyu, amekufa. Nyie mnataka nizike nikae kimya?"

"Sijasema ukae kimya," Daktari akajibu.

Askari akakohoa. "Daktari, hapo itabidi umpasue marehemu. Tujue kama ni sumu."

Wazee waliokuja kwa ajili ya maziko walilalamika sana. Maiti ya Kiislamu haicheleweshwi wala haikatwi ovyo. Waliteta na askari kwa muda, mwisho wakakubali kwa shingo upande, maana pembeni ya ukuta alikuwapo mtu aliye hai anayesubiri kuhukumiwa. Daktari akamgeukia Sista. "Walete na wanafunzi wako. Wamechora vya kutosha."

Wapendwa, nyie siku hizi mnaandaliwa. Mnaambiwa mapema, mnaulizwa kama mko tayari, kuna mtu wa kuzungumza naye baadaye. Sisi tulipewa aproni. Chumba cha maiti kilikuwa kidogo, na meza ya saruji katikati. Sista alitunawisha mikono kwenye karai mlangoni, sote, hata ambao hawatagusa kitu. Nilisimama upande wa kichwa kwa kuwa ndiko kulikobaki nafasi. Hivyo wenzangu waliona tumbo, mimi niliona tumbo na uso. Midomo ilikuwa bado na unyevu niliouweka mimi.

Sitawaeleza kila kitu. Nitawaambia tu kwamba picha ya ukutani ilikuwa imetudanganya. Kwenye picha kila kiungo kina rangi yake na mpaka wake, ini la kahawia, nyongo ya kijani. Daktari alipofungua, hatukuona kiungo hata kimoja. Tuliona damu. Damu nyingi, nyeusi, imeganda kama maini, imejaa kila nafasi. Hapakuwa na tone nje. Kanga aliyokuja nayo ilikuwa safi. Binti mzima alikuwa amemwaga damu yake yote ndani yake mwenyewe, na sisi tulikuwa tumekaa pembeni tukisubiri kuona jeraha. Gaudensia alianguka kama mti. Askari, ambaye alipaswa kushuhudia, alitangaza kwamba anaenda kuangalia baiskeli ya Serikali.

Daktari alichota damu ile kwa vikombe. Akafungua mfuko wa chakula kwanza, kwa sababu ndio ulioleta kesi. Ulikuwa na ugali na mlenda, haujaungua wala kuchubuka popote. "Hapa hakuna kitu," akasema. Kisha akashuka chini, akaingiza vidole, akainua mji wa mimba. Mdogo, kama ngumi. Hilo picha haikudanganya. Na kando yake, kwenye mrija wa kulia, palikuwa na uvimbe si mkubwa kuliko tunda la zambarau, umepasuka.

"Njooni karibu," Daktari akasema. "Mnaona nini?"

Mimi nikasikia sauti inasema, "Halikufika." Ilikuwa sauti yangu.

"Ndiyo. Yai limekaa njiani, likakua njiani. Mrija hautanuki kama mji. Umepasuka, na mshipa umepasuka nao."

Nikauliza kuhusu bega, kwa maana lilikuwa linanisumbua kuliko yote. Daktari akaonyesha kwa mkasi kiwambo, lile pazia la nyama linalotenga kifua na tumbo. Damu ilipojaa ilifika hapo ikakigusa, akasema, na mshipa wa fahamu wa kiwambo unatokea shingoni, jirani na wa bega. Ubongo unapata habari kutoka tumboni na kudhani imetoka begani. Nilimtazama Zaina usoni. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa ananieleza barabara, na mwili wake ulikuwa unasema kweli kwa lugha ambayo mimi sikuwa nimefundishwa bado. Tangu siku ile mwanamke akiniambia anaumwa mahali ambapo haiwezekani, nakaa chini namsikiliza.

Daktari alishona kwa mishono midogo ya uangalifu, kama anayeshona mtu atakayepona. Kisha akatoka kuzungumza na watu, nasi nyuma yake.

Alisema kwa Kiswahili chake kifupi: "Hakuna sumu. Mimba ilitunga nje ya mfuko. Mrija umepasuka."

Watu wakatazamana. "Mfuko gani?" Hamisi akauliza. "Mrija wa nini?"

Daktari akarudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, kama wanavyofanya watu wakishindwa kueleweka. Manung'uniko yakaanza. Mtu akasema wasomi wanafichana. Kijana mmoja aliyeshika jiwe akalihamishia mkono wa pili. Ndipo nikasikia kidole cha Sista Adelina mgongoni kwangu, kwenye ule mfupa wa bega.

"Waeleze kwa lugha yenu."

Mimi. Msichana asiyeolewa, mbele ya wazee, mbele ya wanaume, mbele ya kaka wa marehemu, nitaje sehemu za ndani za mwanamke. Kwetu hata neno lenyewe silijui, na kama lipo halisemwi na binti. Nikamtazama Mwajuma pale ukutani. Alikuwa ananitazama.

Nikaokota kijiti, nikapiga magoti, nikachora mchangani. Nilichora tumbo kubwa la duara kwanza. Nikasema kwa Kikonongo, "Wazee wangu, mnisamehe. Sisi tunasema tumbo moja. Lakini ndani kuna vyumba." Nikachora chumba cha chakula, juu. "Ugali wa jana tumeuona hapa. Mzima. Hakuna kibaya." Nikachora chini ngumi ndogo. "Hiki ni chumba cha mtoto. Hakipokei chakula, hakina mlango na kile cha juu." Kisha nikachora njia mbili nyembamba. Jasho lilikuwa linanidondoka kwenye mchoro. "Mtoto anaanzia kwenye njia hii, kisha anateremka chumbani. Mtoto wa Zaina hakufika chumbani. Akakaa hapa njiani, akakua. Njia ikapasuka."

Mume alikuwa amefika wakati ule tukiwa ndani, Ramadhani, mtu wa makamo, nguo zake zinanuka moshi wa kufukizia nyuki. Akapenya mbele, akatazama mchoro.

"Alikuwa na mimba?" akauliza. Hakumuuliza mtu yeyote. "Zaina alikuwa na mimba?"

Kisha kutoka ukumbini tukasikia sauti, ndogo, kavu. Mama yake Zaina alikuwa amesimama.

"Alikuwa nayo. Aliniambia mimi. Alisema nisimwambie mtu mpaka akiwa na hakika."

Ndipo alipoanza kulia, na Ramadhani akachuchumaa palepale akafunika uso kwa mikono yake yenye moshi.

Askari alimfungua Mwajuma kamba. Mawe yalianguka moja moja, kimyakimya, kama watu wanaoona aibu kusikika. Lakini Hamisi hakuondoka. Alikuja akasimama juu yangu nikiwa bado nimepiga magoti.

"Binti, nimekuelewa. Sasa niambie. Nani aliyemzuia mtoto njiani?"

"Hakuna aliyemzuia, kaka. Inatokea."

"Inatokea tu?"

"Inatokea tu."

Nilimwona anatafuta kitu usoni kwangu, na hakukiona. Nimekumbuka uso ule mara nyingi kuliko damu. Alikuja na mtu wa kumchukia, mtu mwenye jina na mikono, na mimi nilimnyang'anya mtu huyo nikampa mchoro wa mchangani. Alinyanyua baiskeli yake, akaisukuma bila kuipanda. Kwa muda mrefu nilijiuliza kama nilimwambia ukweli wote. Nilimwambia niliojua. Mpaka nastaafu, baada ya kusoma vitabu ambavyo kurasa zake zilitimia, kwa wengi jibu limebaki lilelile.

Wanawake waliingia kumwosha marehemu. Tela likasogezwa karibu. Nilitaka kufuta mchoro kwa mguu, kwa aibu, nikaona kivuli kimeuangukia. Alikuwa Mwajuma. Mikononi alikuwa na alama nyekundu za kamba. Akachuchumaa taratibu, kama mtu anayekagua mche shambani.

"Mwanangu," akasema, "na mimi ninavyo hivi?"

"Unavyo, mama."

"Na njia hizi?"

"Zote mbili."

"Ziko wapi? Nionyeshe. Nimezaa watoto, nimezika wengine. Hakuna mtu aliyewahi kunionyesha."

Nikatazama huku na huku, kisha nikachukua mikono yake nikaiweka chini ya kitovu chake, juu ya kanga. Nikamwambia, hapa katikati ni chumba, hapa kulia njia, hapa kushoto njia. Alikaa hivyo, mikono imetulia tumboni, macho kwenye mchanga.

"Watu wanatuita wake wenza," akasema. "Kila siku wananiambia yule ana hiki wewe huna, wewe una hiki yule hana. Kumbe ndani tulikuwa sawasawa."

Maiti ilitolewa imefunikwa sanda, ikalazwa kwenye tela. Watu wakapanda, wakajipanga pembeni. Mwajuma alienda akasimama chini kwenye gurudumu, anasubiri. Hakuna aliyempa mkono. Hakuna aliyemfukuza pia. Walitazama pembeni tu, na dereva alikuwa ameshawasha trekta. Mwajuma alianza kurudi nyuma, nadhani alikusudia kutembea kwa miguu mpaka kwao.

Mama yake Zaina alikuwa amekaa karibu na kichwa cha mwanae. Alijisogeza. Akakusanya kanga yake magotini, akapiga ubao kwa kiganja, pale penye nafasi.

"Panda," akamwambia. "Wewe ndiye uliyemleta."